Maisha ya Jean-Marie Vianney, Padre wa Ars



Siku za Kwaresima ni siku arobaini ambazo Kanisa, tangu zamani, limeziweka ili watu wauelekeze uso wao msalabani. Katika siku hizo twahubiriwa habari ya toba, na kwa kuwa kila mwaka jambo ni lile lile, masikio ya wengi yameizoea sauti yake kama yalivyoizoea kengele. Kwa hiyo safari hii tumeona vema kusimulia maisha ya mtu mmoja aliyefika katika parokia yake Kwaresima ilipokuwa imekwisha kuanza, akakaa huko miaka 41, hata siku ya kufa kwake. Yeye hakuwa wa kanisa letu. Alikuwa padre wa Kanisa la Roma katika nchi ya Ufaransa, nasi hatufichi kwamba katika mambo kadhaa mafundisho yake si mafundisho yetu. Lakini mkulima mwenye busara hutazama shamba la jirani pia, apate kujua jinsi alivyolima.

Jean-Marie Vianney alizaliwa tarehe 8 Mei 1786 katika kijiji cha Dardilly, karibu na mji mkubwa wa Lyon. Baba yake, Matthieu, alikuwa mkulima. Mama yake, Marie, alikuwa mtu wa sala. Walikuwa na watoto sita, naye Jean-Marie alikuwa wa nne. Utotoni alichunga kondoo na ng'ombe wa baba yake, akalijua jembe kabla ya kuijua kalamu. Nyumba yao ilijulikana sana kwa maskini, kwa maana mpita njia asiye na pa kulala alipata humo chakula na mahali pa kuota moto.

Alipokuwa na umri wa miaka mitatu, yaani mwaka 1789, Mapinduzi makubwa yalianza katika nchi ya Ufaransa. Mwaka uliofuata serikali mpya ilitoa sheria ya kuwatia mapadre chini ya amri yake, na baadaye wakatakiwa kuiapia. Wengi walikataa. Hao wakafukuzwa katika makanisa yao; wengine wakafungwa, wengine wakakimbilia nchi za kigeni, wengine wakauawa. Kengele zikanyamaza. Mapadre waliobaki kwa siri walijifanya mafundi au wachuuzi, wakatembea usiku toka nyumba hata nyumba, na watu wakakusanyika ghalani kusali. Matthieu na Marie waliwachukua watoto wao gizani kwenda kwenye ibada hizo, nao walijua vema hatari yake. Mwaka 1799, Jean-Marie alipokuwa na miaka 13, alipokea Komunyo yake ya kwanza katika nyumba moja huko Écully. Madirisha yalifungwa, na mbele yake yaliwekwa magari ya majani makavu, watu wakijifanya kuyapakua, ili mwanga wa mishumaa usionekane nje. Mtoto aliyeikaribia Meza ya Bwana kwa namna hiyo hakuweza kamwe kuiona kuwa jambo la desturi tu.

Amani iliporudi katika makanisa, kijana huyu alitamani kuwa padre. Baba yake hakupenda, maana kazi za shamba zilikuwa nyingi na fedha ilikuwa chache. Hatimaye akakubali. Padre Charles Balley wa Écully alikuwa amefungua chuo kidogo katika nyumba yake, naye akampokea. Jean-Marie alikuwa amekwisha kufikia umri wa miaka kama ishirini, na wanafunzi wenzake walikuwa watoto wadogo. Tena Kilatini kilimshinda. Aliyosoma asubuhi yalimtoka jioni. Mtu mzima mwenye mikono migumu ya jembe alikaa katikati ya watoto wanaomcheka, asiweze kujibu wanayoyajibu wao. Alikaribia kukata tamaa, akataka kurudi kwao. Padre Balley hakumwacha.

Mwaka 1809 akaitwa katika jeshi la Kaisari Napoleon, lililokuwa likipigana katika nchi ya Hispania. Mara akaugua, akalazwa hospitalini Lyon, kisha Roanne. Alipopata nafuu aliamriwa kufuatana na kikosi, lakini siku ya kuondoka aliingia kanisani kusali, na alipotoka kikosi kilikuwa kimekwisha kwenda. Akakifuata peke yake, angali dhaifu, akaishia katika kijiji cha milimani kiitwacho Les Noës. Huko alijificha kwa jina lisilo lake, akifundisha watoto na kufanya kazi za shamba, nao askari walikuwa wakiwatafuta watoro wa jeshi. Alipata kurudi kwao mapema mwaka 1811, baada ya Kaisari kutoa msamaha, na ndugu yake kuingia jeshini mahali pake. Mama yake alikuwa hai bado, akamwona mwanawe, kisha akafa baada ya muda mfupi.

Akarudi kwa Padre Balley, naye akampeleka seminari. Lakini masomo yote yalikuwa kwa Kilatini, na katika seminari kubwa ya Lyon alishindwa, akaambiwa aondoke. Kwa mara ya pili mlango ulifungwa mbele yake, na safari hii si kwa vita wala kwa maradhi, bali kwa udhaifu wa kichwa chake mwenyewe. Padre Balley akamfundisha tena nyumbani kwa Kifaransa, akawaendea wakubwa, akamwombea aulizwe maswali kwa lugha aliyoifahamu. Akajibu vizuri. Wakubwa wakapima jambo hili: elimu yake ni haba, lakini sala yake yajulikana na watu wote. Wakakubali. Tarehe 13 Agosti 1815 aliwekewa mikono katika mji wa Grenoble. Alikwenda huko peke yake kwa miguu, hapana ndugu wala rafiki aliyefuatana naye. Umri wake ulikuwa miaka 29. Kisha akawa msaidizi wa Balley huko Écully, hata mwalimu wake huyo alipofariki mwezi wa Desemba 1817.

Mwezi wa Februari 1818 akapelekwa Ars. Kijiji hicho kina umbali wa kilomita kama 35 kutoka Lyon upande wa kaskazini, na siku zile watu wake walikuwa kama 230 tu. Mwaka ule Pasaka iliangukia tarehe 22 Machi, mapema kabisa kuliko inavyoweza kuwa, na Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 4 Februari. Basi alipofika Ars, Kwaresima ilikuwa imekwisha kuanza. Alikuja kwa miguu, na vyombo vyake vichache katika gari dogo. Ukungu ukampoteza njia, akamwuliza kijana mchungaji. Yule kijana akamwonyesha kijiji, naye padre akamwahidi kwamba yeye atamwonyesha njia ya kwenda mbinguni.

Lakini watu wa Ars hawakuwa wakiitafuta njia hiyo. Miaka ya Mapinduzi iliwafundisha kuishi bila kanisa, na wengi waliona kwamba imewezekana bila shida. Hawakuwa watu wabaya kupita wengine, walikuwa baridi. Siku ya Bwana walilima na kuvuna kama siku nyingine. Nyumba za mvinyo zilikuwa nne katika kijiji kile kidogo, na fedha ya wiki iliishia humo. Jioni vijana walicheza dansi hata usiku. Watoto walipelekwa shambani tangu umri mdogo, na wengi hawakujua kusoma, wala hawakujua mambo ya imani.

Padre mpya alianza kazi kwa magoti. Kabla ya mapambazuko watu walioamka mapema waliona taa kanisani. Ndiye aliyekuwa huko. Vyombo vizuri vya nyumba aliyopewa akavirudisha kwa mwenye navyo, yule bibi wa jumba kubwa la Ars. Godoro lake akalitoa kwa maskini. Alipika chungu cha viazi vya Kizungu mwanzoni mwa wiki, akavila baridi siku kwa siku, hata vikiota ukungu. Mara nyingine hakula kabisa. Aliamini kwamba Mungu amemkabidhi roho za watu hawa, na ya kuwa ikiwa wao hawataki kufunga kwa ajili ya nafsi zao, yeye atafunga kwa ajili yao.

Kisha akawatembelea nyumba kwa nyumba, kwa kawaida wakati wa chakula cha mchana, ndipo awakute wote. Aliwauliza habari za mashamba na mifugo, kwa kuwa mambo hayo aliyajua tangu utoto wake, kisha akaingia katika habari za roho. Watoto aliwakusanya asubuhi na mapema kabla ya kazi za shamba, akawafundisha katekisimo. Hotuba zake zilimgharimu jasho. Alinakili mafundisho kutoka vitabuni kurasa kwa kurasa, akajaribu kuyakariri usiku, na Jumapili juu ya mimbari pengine yakampotea katikati, asiweze kuendelea, akashuka. Watu waliliona hilo. Hata hivyo Jumapili iliyofuata alipanda tena.

Juu ya nyumba za mvinyo na dansi alihubiri kwa ukali sana. Alikuwa mkali pia katika kitubio: vijana wasiotaka kuacha dansi walikataliwa maondoleo, wakangoja miezi mingi. Wengine walimchukia, wakamsingizia maovu. Mapadre wa jirani nao walisema kwamba mtu asiye na elimu hafai kuongoza roho za watu, wakaandika barua ya mashtaka ili ipelekwe kwa Askofu. Karatasi hiyo ikafika mkononi mwake mwenyewe. Akaisoma, akatia jina lake chini ya majina yao, akaituma mbele, maana aliona kwamba waliyoyasema juu ya ujinga wake ni kweli. Askofu Devie wa Belley akachunguza habari zake, akamwacha mahali pake.

Kidogo kidogo kijiji kikageuka. Nyumba za mvinyo zikafungwa moja baada ya nyingine. Siku ya Bwana majembe yakalala. Wanaume waliokuwa wakisimama nje ya kanisa wakaingia ndani. Mwaka 1824 akafungua shule ya wasichana, ikaitwa Providence, yaani Maongozi ya Mungu. Walimu wake walikuwa wanawali wawili wa pale pale kijijini, Catherine Lassagne na Benoîte Lardet. Shule hiyo ikawa pia nyumba ya mayatima. Walifundishwa kusoma, kushona na kusali, na padre mwenyewe alitafuta chakula chao. Mafundisho aliyowapa kila siku yaliwavuta watu wengine, hata baadaye akayafanya kanisani mbele ya umati.

Maana umati ulikuwa umeanza kuja. Kwanza walikuja watu wa vijiji vya jirani kuungama, kisha wa Lyon, kisha wa Ufaransa yote na nchi nyingine. Katika miaka ya mwisho wake walikuwa makumi ya maelfu kwa mwaka, matajiri na maskini, maaskofu na wafagiaji, na kila mmoja alingoja zamu yake, wengine siku kadhaa. Padre aliamka usiku wa manane, saa saba au saa nane, akaingia katika kitubio gizani. Akatoka kwa Misa, kwa mafundisho ya saa tano, kwa chakula cha kusimama na kuwatazama wagonjwa, kisha akarudi hata usiku. Siku za joto alikaa humo saa 16 na zaidi. Wakati wa baridi miguu yake ilikufa ganzi, na wakati wa joto hewa ilikuwa nzito hata watu wakazimia. Yeye aliyeshindwa na vitabu vya seminari alikuwa akiulizwa mashauri na watu wenye elimu kubwa, naye aliwajibu kwa maneno machache, pengine kwa machozi tu.

Jambo moja latupasa kulitazama kwa makini. Padre huyu hakubaki na ukali wake wa kwanza. Kadiri alivyosikia huzuni za watu, ndivyo alivyozidi kuwa mpole. Askofu wake alipendekeza mafundisho ya upole zaidi juu ya kitubio, naye akayapokea. Wenye dhambi nzito aliwapa malipizi madogo, wasije wakavunjika moyo, na yaliyosalia akayachukua yeye mwenyewe kwa sala na kufunga. Na mfungo wake ule wa kwanza, uliompa maradhi ya tumbo maisha yake yote, katika uzee wake aliuhesabu kuwa upuzi wa ujana.

Tena asidhani mtu kwamba kazi hiyo ilikuwa tamu kwake. Aliiogopa. Wazo la kutoa hesabu ya roho nyingi namna ile mbele ya Mungu lilimtetemesha, naye alitamani kwenda mahali pa upweke ayalilie maisha yake. Mara tatu alijaribu kutoroka. Mwaka 1840 aliondoka usiku, akatembea hata msalaba wa njiani, akasimama akitafakari kama ndiyo mapenzi ya Mungu, akarudi. Mwaka 1843, baada ya ugonjwa mkali, alikimbilia kwa ndugu yake huko Dardilly. Watu wakamfuata huko huko wakitaka kuungama, naye baada ya siku chache akarudi Ars, kengele zikalia kwa furaha. Mwaka 1853, mwezi wa Septemba, alitoka tena usiku, lakini habari zilikuwa zimevuja. Watu wakaja na taa, wakamsihi, wakamzuia njiani. Akarudi, akavaa mavazi yake, akaketi katika kitubio, akaendelea na yule aliyekuwa anangoja.

Heshima za dunia hazikumshika. Mwaka 1852 Askofu alimpa cheo cha kanoni, akamvika joho lake. Akaliuza kwa faranga 50, akawapa maskini fedha. Mwaka 1855 serikali ya Kaisari ilimpa nishani kubwa ya nchi. Aliposikia kwamba yampasa kulipa gharama zake, akaona afadhali fedha hiyo waipate maskini.

Mwezi wa Julai 1859 joto lilikuwa kali. Tarehe 29 alikaa katika kitubio kama kawaida, akarudi chumbani hana nguvu, wala hakuinuka tena. Tarehe 4 Agosti 1859, saa nane ya usiku, akalala kwa amani, umri wake miaka 73. Kanisa lake lilimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 31 Mei 1925, na mwaka 1929 likamweka kuwa msimamizi wa mapadre wa parokia. Mwaka 2009, miaka 150 baada ya kufa kwake, Papa Benedikto wa 16 aliutangaza mwaka wa mapadre kwa ukumbusho wake.

Basi, ndugu, twajifunza nini? Hatumwombi mtu huyu, wala hatudhani kwamba njaa ya mtu yeyote yaweza kulipa deni la dhambi, yake au ya mwenziwe. Deni hilo limelipwa msalabani mara moja, wala halilipwi mara ya pili. Na hata hivyo tusiitumie imani hiyo kuwa mto wa kulalia. Martin Luther, mwaka 1517, katika neno la kwanza la zile hoja zake 95, alifundisha kwamba maisha yote ya Mkristo ni toba. Naye hakukataza kufunga. Alikuhesabu kuwa adabu njema ya mwili, mradi mtu asikufanye kuwa bei ya neema. Na maungamo ya siri mbele ya mchungaji hayakufutwa na baba zetu. Yamehifadhiwa katika Ungamo la Augsburg la mwaka 1530. Sisi ndio tuliomwacha mchungaji akae peke yake, kisha twasema kwamba desturi hiyo ni ya wengine.

Jiulizeni, ninyi wazee wa sharika: ikiwa mtu wa kwenu ameelemewa na dhambi usiku huu, ataupata mlango gani ulio wazi? Jiulizeni, ninyi mnaofunga: sahani mliyoinyima tumbo lenu imefika mezani kwa nani? Maana ya Vianney ilifika kwa mayatima. Na sisi wachungaji tujiulize. Yuko miongoni mwetu aliyechoka, ambaye usharika wake ni baridi, ambaye alishindwa katika masomo na watu wanalijua hilo, ambaye usiku amekwisha kufunga mzigo wake moyoni ili aondoke. Kwake hasa habari hizi zimeandikwa. Mtu wa Ars naye alifika njiani gizani, akasimama penye msalaba, akageuka. Hakurudi kwa sababu alijiona anafaa. Alirudi kwa sababu kulikuwa na mtu anayengoja.

Bwana wetu, aliyekaa jangwani siku arobaini kwa ajili yetu, atujalie Kwaresima hii toba ya kweli, na kila mchungaji ampe moyo wa kukaa na kundi lake. Amina.